Dakika Sita: Pima Pumzi Yako kwa Kutembea

[Muziki wa kufungulia kipindi, kisha unashuka polepole]

   

Leo nianze na swali. Mara ya mwisho ulipotoka bombani na dumu la maji, ulipumzika mara ngapi njiani? Na mwaka jana, njia hiyo hiyo, dumu hilo hilo, ulipumzika mara ngapi?

Wengi wetu hatuna jibu. Tunajua tu kwamba siku hizi tunachoka. Tukifika kituo cha afya tunasema, "Daktari, nachoka." Daktari anaandika kwenye daftari: anachoka. Mwezi unaofuata tunarudi na kusema, "Bado nachoka." Naye anaandika: bado anachoka. Je, nafuu imepatikana? Je, hali imezidi kuwa mbaya? Dawa inafanya kazi au haifanyi? Neno "nachoka" haliwezi kujibu maswali hayo, kwa sababu halina kipimo. Homa ina kipimajoto. Uzito una mizani. Na pumzi je? Ule uwezo wa mwili kuendelea na kazi bila kuishiwa nguvu, unapimwaje?

Unapimwa. Na hauhitaji mashine kubwa wala umeme. Unahitaji njia iliyonyooka, saa, na dakika 6 za kutembea. Hilo ndilo jambo tutakalozungumza leo. Nataka kipindi kikiisha ujue jaribio hili linafanywaje, lini usilifanye, na namba utakayoipata ina maana gani.

[Muziki mfupi]

Tuanze na lilikotoka. Katika miaka ya 1960, daktari mmoja wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alitaka kujua askari wake wana pumzi kiasi gani. Aliwaambia wakimbie kwa dakika 12, kisha akapima wamefika umbali gani. Mwenye pumzi nyingi alifika mbali, na mwenye pumzi chache aliishia karibu. Jaribio lilikuwa rahisi na liliwafaa vijana wenye afya.

Lakini mgonjwa wa mapafu hawezi kukimbia dakika 12. Kwa hiyo mwaka 1976 madaktari wa Uingereza walichapisha jaribio kama hilo kwa wagonjwa wa kifua cha muda mrefu, ila badala ya kukimbia, wagonjwa walitembea. Hata hivyo, dakika 12 za kutembea zilikuwa nyingi kwa mtu aliyezidiwa. Mwaka 1982 wakaonyesha kwamba dakika 6 zinatosha kutoa picha ile ile bila kumchosha mgonjwa kupita kiasi. Miaka michache baadaye madaktari wa Kanada wakalitumia kwa watu ambao moyo wao hausukumi damu vizuri. Mwaka 2002 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kikaandika kanuni zake, ili anayepimwa Kigoma na anayepimwa London wawe wamepimwa kwa namna moja.

Kwa nini kutembea? Kwa sababu kutembea ndiyo kazi yetu ya kila siku. Unapotembea, mapafu yanaingiza hewa, moyo unasukuma damu, damu inabeba hewa hiyo hadi kwenye misuli, na misuli ya miguu inaitumia. Vyote vinafanya kazi pamoja. Kimoja kikilegea, umbali unapungua. Mtu anaweza kukaa kwenye kiti, akapimwa, akaonekana hana shida. Mwambie atembee dakika 6, ndipo shida inapojitokeza.

Hapa naomba usikilize vizuri. Jaribio hili halisemi ugonjwa wako ni upi. Mita zikiwa chache, huenda ni mapafu. Huenda ni moyo. Huenda ni damu kupungua baada ya malaria, au chakula kuwa kidogo, au goti linalouma. Kutembea kunaonyesha kwamba kuna jambo, na kwamba jambo hilo linaongezeka au linapungua. Kujua ni jambo gani ni kazi ya mhudumu wa afya, kwa vipimo vingine.

[Muziki mfupi]

Sasa tuone linavyofanyika.

Kwanza ni njia. Iwe tambarare, ngumu, iliyonyooka, isiyo na mashimo wala matope. Urefu wake uwe mita 30. Utaupataje bila futi ya fundi? Chukua turubai, au shitingi kama wengi wanavyoliita. Maturubai ya UNHCR hutolewa yakiwa na mita 4 kwa mita 5. Tafuta moja ambalo halijakatwa, pima kamba kwa upande ule mrefu, mara 6. Hapo una mita 30. Weka jiwe kubwa mwanzo na jiwe kubwa mwisho. Ukienda na kurudi ni mita 60. Katika njia yenyewe weka vijiti pembeni kila baada ya mita 5, vitakusaidia kuhesabu mwishoni.

Kama huna mita 30, njia fupi zaidi inaweza kutumika. Lakini ujue kwamba kugeuka mara nyingi kunakula muda, na mita zitapungua. Kwa hiyo ukianza na njia ya mita 20, endelea na hiyo hiyo siku zote. Usilinganishe mita za njia fupi na mita za njia ndefu.

Pili ni msaidizi. Usifanye peke yako. Msaidizi anashika saa, na simu ya kawaida ina saa ya kuhesabia. Pia anashika kokoto mfukoni. Kila unapokamilisha kwenda na kurudi, anahamisha kokoto moja kwenda mfuko wa pili, ili asisahau hesabu. Kiti au kigoda kiwe karibu.

Tatu ni maandalizi yako. Vaa viatu unavyovaa kila siku. Kama unatembelea fimbo au magongo, yatumie. Dawa zako za kila siku uwe umekunywa kama kawaida. Unaweza kula kidogo, lakini usije umeshiba sana, na usije umetoka kukata kuni. Saa mbili kabla ya jaribio usifanye kazi nzito. Kisha kaa kwenye kiti angalau dakika 10, umetulia. Usijipashe moto kwa mazoezi.

Ukiwa umekaa, msaidizi akuulize: pumzi yako ikoje sasa, kuanzia 0 hadi 10? Kipimo hiki kilitungwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg. 0 maana yake hubanwi kabisa. 3 ni kubanwa kwa wastani. 5 ni kubanwa sana. 10 ni mwisho, hakuna zaidi ya hapo. Akuulize pia uchovu wa miguu, kwa namba hizo hizo. Aandike.

Sasa simama kwenye jiwe la kwanza. Msaidizi akisema "anza", unatembea. Hukimbii. Unatembea kadiri unavyoweza ili ufike mbali iwezekanavyo ndani ya dakika 6. Ukifika kwenye jiwe, unalizunguka na kurudi bila kusita.

Ukichoka, punguza mwendo. Ukizidiwa, simama, egemea ukuta au mti, au kaa. Ni ruhusa. Lakini saa haisimami, inaendelea. Ukipata nafuu, endelea. Kusimama si kushindwa. Msaidizi anaandika tu: alisimama dakika ya 4, akaendelea.

Na wewe msaidizi, una kazi moja ngumu, nayo ni kutulia. Usitangulie mbele ya mtembeaji, wala usitembee bega kwa bega naye, maana atafuata mwendo wako na kuacha wake. Usipige makofi, usishangilie. Kila dakika moja ikipita, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba anaendelea vizuri na zimebaki dakika ngapi. Basi. Watafiti waligundua zamani kwamba mtu akishangiliwa anatembea mbali zaidi. Ukimshangilia leo na mwezi ujao ukanyamaza, utafikiri ameugua, kumbe ni makofi yaliyokosekana. Na watoto wa jirani, tunawapenda, lakini wapewe kazi nyingine kwa muda huo. Watoto kumi wakikimbia nyuma yako, huo si mwendo wako tena.

Dakika 6 zikiisha, msaidizi anasema "simama", nawe unasimama hapo hapo ulipo. Anaweka alama chini. Anakuuliza tena namba za pumzi na miguu. Anakupa kiti. Kisha anahesabu kokoto. Tuseme kokoto ni 5. Mara 5 kwenda na kurudi ni mita 300. Kisha anaangalia vijiti: baada ya hapo ulikwenda mita 10 zaidi. Jumla ni mita 310. Aandike tarehe, saa, mita, ulisimama mara ngapi, na zile namba za Borg.

Kwenye kituo cha afya wanaweza kukubana kidoleni kifaa kidogo kinachoonyesha hewa ya oksijeni katika damu. Hakiumi. Kifaa hicho kinasaidia kuona kama oksijeni inashuka unapotembea, jambo ambalo macho peke yake hayawezi kuliona.

[Muziki mfupi]

Kabla hujainuka kwenda kutafuta kamba, ngoja kwanza. Kuna watu hawapaswi kufanya jaribio hili nyumbani.

Kama katika mwezi huu uliopita umepata mshtuko wa moyo, au umekuwa na maumivu ya kifua yanayokuja hata ukiwa umekaa, usifanye. Hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima ukiwa umetulia. Yakizidi 120, usifanye, nenda kituo cha afya. Kama uliambiwa shinikizo la damu yako limezidi 180 kwa 100, usifanye mpaka lishuke. Ukiwa na homa, ukikohoa damu, au mguu mmoja umevimba ghafla na unauma, usifanye. Mama mjamzito, muulize mkunga kwanza. Na kama umekuwa ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, usianze na kutembea. Anza na kupima makohozi, kwa ajili yako na kwa ajili ya unaolala nao chumba kimoja.

Kama unajua una ugonjwa wa moyo au mapafu, jaribio la kwanza lifanyike mbele ya mhudumu wa afya. Akishakuona na kukuruhusu, ndipo utaweza kurudia nyumbani.

Na wakati wa kutembea, acha mara moja ukiona moja kati ya haya: kifua kinauma, pumzi inabana kiasi huwezi kuvumilia, misuli ya mguu inakaza, unapepesuka, jasho jingi linatoka ghafla bila sababu, au msaidizi anaona uso wako umepauka na midomo imebadilika rangi. Kaa chini. Kama hali haitulii haraka, huduma itafutwe. Hapo mita hazina maana tena, maisha ndiyo yenye maana.

[Muziki mfupi]

Sasa tuna namba mkononi. Mita 310. Ni nzuri au mbaya?

Watu wazima wengi wenye afya hutembea kati ya mita 400 na 700 kwa dakika 6. Lakini usikimbilie kujilinganisha na jirani. Mrefu ana hatua ndefu. Kijana ana nguvu kuliko mzee. Mwanamume na mwanamke hawafanani. Jua la Kakuma si baridi ya asubuhi ya Nakivale. Namba inayokufaa kujilinganisha nayo ni yako mwenyewe ya mwezi uliopita.

Na hapo pia kuna kanuni. Mara ya pili watu wengi hutembea mbali kidogo kuliko mara ya kwanza, si kwa sababu wamepona, bali kwa sababu wameshaijua njia. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza kufanya mara mbili mwanzoni, ukiwa umepumzika vya kutosha katikati, na kuchukua umbali mkubwa kati ya hizo mbili. Huo ndio uwe mwanzo wako. Kisha rudia baada ya wiki kadhaa, njia ile ile, saa ile ile ya siku, viatu vile vile, fimbo ile ile.

Je, mita ngapi zikiongezeka ndipo tuseme kuna mabadiliko ya kweli? Mwaka 2014 wataalamu wa mapafu wa Ulaya na Marekani walikubaliana kwamba kwa watu wazima wenye magonjwa ya mapafu ya muda mrefu, mita 30 hivi ndizo zenye maana. Tuchukue mfano. Mama mmoja alianza na mita 310. Baada ya mwezi akapata 322. Hizo mita 12 ni ndogo. Huenda usiku ule alilala vizuri, basi. Baada ya miezi miwili akapata 365. Hapo ameongeza mita 55. Hayo ni mabadiliko, na yeye mwenyewe atakuwa ameshayaona njiani kutoka bombani. Lakini kama angepata 270, mama huyu asingoje siku ya miadi. Achukue karatasi yake, aende, amwambie daktari: "Mwezi wa kwanza nilitembea mita 310 bila kusimama. Juzi nilitembea 270 na nikasimama mara mbili." Ona tofauti ya maneno hayo na lile neno "nachoka". Hayo daktari anaweza kuyafanyia kazi.

[Muziki mfupi]

Ndugu msikilizaji, sasa niseme jambo ambalo watu wengi hulisema chinichini tu.

Tunaishi maisha ya kupimwa na kuhesabiwa. Tunahesabiwa kwenye mgao, tunahesabiwa kwenye uhakiki, tunaulizwa maswali na watu wenye fomu. Kwa hiyo mtu akiambiwa "njoo tuone unatembea mita ngapi", moyo unashtuka. Mmoja anawaza: nikitembea vizuri wataniona mzima, nitaondolewa kwenye orodha ya wagonjwa. Anajikokota makusudi. Mwingine anawaza: nikionekana dhaifu sitapewa kazi, au watoto wangu wataogopa. Anajikaza mpaka anaanguka.

Hofu hizo hazikutoka hewani, na sitakuambia ni za kijinga. Ila nakuambia hivi: jaribio hili lilitengenezwa kwa ajili ya matibabu. Halikutengenezwa ili kuamua nani apate unga na nani asipate. Una haki ya kumuuliza anayekupima: matokeo haya ni ya nini? Nani atayaona? Uliza kwa heshima, na usione aibu kuuliza.

Ukishaelewa, tembea kwa ukweli. Anayejikokota leo ataandikiwa dawa za ugonjwa ambao hana, au siku akizidiwa kweli hakuna atakayeona tofauti. Anayejikaza anaficha moto chini ya majivu. Nguo zake hazijaungua bado, lakini moto upo. Mita zako zikiwa za kweli, ndipo zitakapokusaidia.

[Muziki mfupi]

Na je, mita zikishajulikana kuwa chache, ndiyo basi? Hapana. Pumzi inaweza kurudi kwa kiasi.

Mjini Kampala, Uganda, madaktari na wataalamu wa mazoezi walifanya kazi na watu waliopona kifua kikuu. Vidudu vilikwisha, lakini mapafu yalibaki na makovu, na watu hao walikuwa wakihema kwa kazi ndogo. Kwa wiki 6, mara mbili kila wiki, walikuja kufanya mazoezi na kufundishwa namna ya kuishi na mapafu hayo. Walipimwa kwa jaribio ambalo ni ndugu ya hili letu: mtu anatembea kwenye njia ya mita 10, kwenda na kurudi, akifuata mlio unaozidi kuharakisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Umbali waliotembea uliongezeka, na wiki 6 baada ya mafunzo kwisha, faida ilikuwa bado ipo. Makovu hayakufutika. Lakini misuli ilijifunza kufanya kazi kwa hewa ile iliyopo.

Wewe unaweza kuanza vipi, ukisharuhusiwa na mhudumu wa afya? Rudi kwenye namba yako. Tuseme ni mita 360. Gawa kwa 6, unapata mita 60 kwa dakika. Katika mafunzo ya mapafu watu wengi huanza na asilimia 80 ya mwendo huo, yaani mita 48 kwa dakika. Kwa dakika 10 ni mita 480. Kwenye njia yako ya mita 30, hizo ni mara 8 kwenda na kurudi. Hilo ndilo zoezi lako la kwanza. Kama hesabu inakuchanganya, tumia kipimo cha mdomo: tembea mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukishindwa kuongea, punguza. Fanya siku nyingi za wiki, ongeza dakika chache kila wiki, na siku za chakula kidogo au za ugonjwa, pumzika.

Pumzi ikibana njiani, simama, inama mbele kidogo, weka mikono kwenye magoti au egemea kitu. Vuta hewa kwa pua. Kisha itoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unavyopoza uji wa moto wa mtoto. Kutoa hewa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Rudia mpaka moyo utulie.

Na moshi wa kuni tusiusahau. Kila mita unayoipata kwa mazoezi, moshi wa jikoni unaweza kuipokonya. Pika nje au mahali penye upepo, tumia kuni zilizokauka, na mtoto asikae mgongoni ukiwa umeinamia moto. Na tumbaku, ndugu zangu, mnajua nitakachosema.

Neno la mwisho ni kwa waliopoteza mguu, na kwa wale ambao dakika 6 ni nyingi mno. Lipo jaribio la dakika 2, linalofuata njia hii hii, na hutumika kwa watu wanaojifunza kutembea kwa mguu wa bandia. Magongo hayakuondoi kwenye hesabu. Mita 40 za mtu aliyekuwa haamki kitandani ni mita 40, na mwezi ujao huenda zikawa 60.

[Muziki wa kufungia unaanza chinichini]

Basi tukumbushane kwa ufupi. Njia ya mita 30, saa, kokoto, kiti na msaidizi aliyetulia. Dakika 10 za kupumzika, dakika 6 za kutembea bila kukimbia. Ukizidiwa simama, kifua kikiuma acha. Andika mita zako, na urudie njia ile ile. Mita zikipungua kwa 30 au zaidi, usikae nayo nyumbani. Nenda na karatasi yako kituo cha afya.

Kwa vikundi vya kusikiliza, maswali ya kujadili wiki hii ni matatu. La kwanza: katika bloki au zoni yenu, ni nani anayekaa ndani siku hizi kwa sababu ya kuishiwa pumzi, na nani atamtembelea? La pili: ni mahali gani penu panafaa kuwekwa njia ya mita 30 yenye kivuli, na mnaweza kumwomba mhudumu wa afya wa jamii aje awaonyeshe? La tatu: ni hofu gani zinazowafanya watu wafiche hali zao, na tunazijibuje?

 Kesho ukitoka bombani, hesabu umepumzika mara ngapi. Anzia hapo. 

[Muziki wa kufungia]